Tangu nijiachie niboreke, kazi yangu imebadilika. Wakuu, tuujadili huu uchoshi tunaoukimbia

FundiWaKeko (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne kwenye mbao. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo muda kabla ya kupata ujasiri wa kuliandika.

Mwanzoni mwa 2024 mteja mmoja alinipa kazi ya kabati la nguo la milango minne, la mninga. Alikuwa amehamia ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo ngazi zake ni nyembamba na zinapinda ghafla. Fundi wa kwanza alishamtengenezea kabati, likagoma kwenye kona ya kwanza, likarudi lilikotoka kwa mkokoteni. Akaja kwangu. Nikapima ngazi, nikapima mlango, nikachukua advansi, halafu nikakwama. Kawaida unatengeneza vipande, unaviunganisha kwa skrubu hukohuko juu. Lakini kabati zito la mninga ukilifungua na kulifunga mara mbili tatu, matundu ya skrubu yanalegea. Na mteja mwenyewe ni mpangaji, kesho atahama tena. Nilikaa na tatizo hilo wiki sita.

Sasa niwaeleze wiki hizo sita nilikuwa naziishi vipi. Gundi ikishapakwa, lazima usubiri ishike. Zamani nilikuwa nakaa tu naitazama. Siku hizi mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe. Video moja, ya pili, ya kumi na mbili. Kituoni nikisubiri daladala, simu. Chai ikichelewa kwa mama ntilie, simu. Nikirudi kwenye ubao kichwa kimejaa sura za watu nisiowajua, na kabati liko palepale nilipoliacha.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mtandao ukaondoka. Wengi mnaikumbuka: nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu intaneti ikawa kama maji ya mgao. Jumatatu nikaamkia karakana, mtandao hakuna, na umeme nao ukakatika kabla ya saa tatu. Mashine ya randa imelala. Vijana wangu wawili nikawaruhusu waende. Nikabaki peke yangu na mbao za mninga ambazo kwa vyovyote zilihitaji msasa wa mkono.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Sikujua kama mtu mzima anaweza kuteseka kwa kukosa tu kitu cha kutazama. Nilitoa simu mfukoni nikijua kabisa hakuna mtandao, nikairudisha, nikaitoa tena. Nikamkasirikia mtu ambaye hakunikosea kitu. Nikafikiria kufunga niende nyumbani. Kisha, sijui saa ngapi hasa, ile hali ikakatika kama homa inavyokatika. Nikaanza kuusikia msasa. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa anaruhusu redio asubuhi, alikuwa akituambia tusikilize msasa, kwa sababu ubao ukikaribia kulainika sauti inabadilika, inatoka kwenye mkwaruzo inakuwa kama mtu anayenong'ona. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo kwa miaka.

Na kwenye kuisikiliza nikajikuta niko kwa bibi yangu Rufiji, nina miaka saba, tunatoa kitanda cha kamba uani tukianike juani kwa sababu ya kunguni. Bibi anakifungua kitanda kizima kwa kupiga-piga kwa kipande cha gogo. Matendegu manne pembeni, mifumbati miwili, vitakizo viwili. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Kinachokishika kitanda kile ni ulimi wa mbao kuingia kwenye tundu la tendegu, na kamba ikivutwa inabana kila kitu. Ukikalia, kinazidi kubana.

Wakuu, niliacha msasa nikasimama. Kabati langu lilikuwa limekaa kwenye kitanda cha bibi muda wote huo. Nikalichora kwenye kipande cha plaiwudi kwa penseli: nguzo nne zenye matundu, mbao za kulala zenye ndimi zinazopitiliza hadi upande wa pili, na kabari ya mkongo inayogongwa kwa nje. Unalipandisha ngazi vipandevipande, unagonga kabari nane, limesimama. Ukihama unazigonga kwa upande wa pili, limefunguka. Mwezi uliofuata likapanda ghorofa ya tatu mabegani mwa vijana wawili. Tangu hapo nimeshatengeneza kumi na moja ya aina hiyo.

Ningeweza kusema ilikuwa bahati, ila nilianza kuchunguza. Nikaanza kuiacha simu kwenye droo kila gundi inapokuwa inakauka. Siyo mara zote kitu kinakuja, mara nyingi hakiji. Lakini kila wazo zuri nililopata tangu mwaka ule lilinijia nikiwa nimeboreka, hakuna hata moja lililonijia nikiwa nimetazama kioo.

Na hilo neno lenyewe tulitazame. Kamusi ina "uchoshi", lakini mtaani nani anasema uchoshi? Tunasema nimeboreka. Limetoka kwa Waingereza, najua. Ila Kiswahili kilikuwa na "kuboreka" yake tangu zamani, kutoka kwenye bora: kitu kikiboreka, maana yake kimekuwa bora zaidi. Mtoto anakuja anakwambia "baba nimeboreka", na kwa Kiswahili cha vitabu amekwambia amekuwa bora. Nimelifikiria hili sana nikiwa na msasa mkononi.

Baadaye nikatafuta waliolichunguza kitaalamu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, wakiongozwa na Timothy Wilson, waliwaweka watu mmojammoja kwenye chumba kitupu kwa dakika 15, hakuna simu, hakuna kitabu, kazi yao ni kuwaza tu. Kulikuwa na kitufe kinachokupiga shoti ya umeme. Watu hao walishaionja shoti hiyo kabla, na walisema wako radhi walipe pesa wasipigwe tena. Mnajua kilichotokea? Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti angalau mara moja. Wanawake 6 kati ya 24 nao pia. Dakika 15 tu. Nilipolisoma hilo niliikumbuka nusu saa yangu ya kwanza na ule mkono unaokwenda mfukoni, nikasema basi mimi si mgonjwa, ndivyo tulivyo.

Mwaka huohuo Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Chuo Kikuu cha Central Lancashire waliwapa watu kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu kwa dakika 15, kisha wakawauliza vikombe viwili vya plastiki laini vinaweza kutumika kwa mambo gani. Walioboreka walitoa majibu mengi kuliko ambao hawakupitishwa kwenye zile namba. Jaribio la pili likawa na kundi la kuzisoma tu hizo namba bila kuandika, yaani kazi inayochosha zaidi, na hao ndio waliong'ara kwa ubunifu. Ukiandika, mkono unakushughulisha. Ukisoma tu, akili inatoroka, na huko inakotorokea ndiko kuna vitu.

Nataka kusikia kwenu. Nani mwingine limemtokea? Na nani anaona ninakosea?

---

Lindo la Usiku

Mkuu FundiWaKeko, heshima yako. Nimesoma yote, na habari ya kitanda cha kamba imenigusa maana na sisi kwetu Lindi tulilala humohumo. Lakini naomba nikwambie ukweli kutoka upande wangu.

Mimi ni mlinzi. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Geti, taa, ukuta, mbwa wa jirani. Wewe uliboreka siku moja ukapata kabati. Mimi naboreka saa kumi na mbili kila siku, mwaka wa tano sasa, na sijapata kabati. Simu ndiyo inayonifanya nisilale, na nikilala nafukuzwa. Halafu kuna wadogo zetu mtaani wamemaliza shule hawana kazi, wanakaa kijiweni kutwa. Hao wameboreka kuliko sisi wote. Umeona kinachotoka kwao? Kubeti, na wengine gongo. Ukiwaambia kuboreka kuna faida watakuona huwajui.

---

FundiWaKeko

Kaka, asante, na hili nilipaswa kuliweka mwanzoni. Uko sahihi kwa sehemu kubwa, sitaki kulipaka vanishi.

Kuna John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, yeye na wenzake mwaka 2012 waliieleza hali hii vizuri: ni pale mtu anapotaka kushughulika na kitu kitakachomridhisha, akashindwa. Kutaka kupo, mlango haupo. Kwangu siku ile mlango ulikuwepo, mbao zilikuwa mbele yangu na advansi ya mteja nilishaila. Kijana wa kijiweni hana mbao. Na James Danckert wa Waterloo, Kanada, amechunguza miaka mingi watu ambao kuboreka ndiyo hali yao ya kila siku, na kwao kuna sonona, kuna kamari, kuna hasira. Kwa hiyo hizo ni hali mbili na mimi nilizichanganya. Kijana asiye na kazi anahitaji kazi, simwambii akae afaidi uchoshi.

Ninachokuuliza kwa heshima ni kimoja. Hiyo simu getini, inakuondolea uchoshi kweli? Nauliza kwa sababu mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha majaribio saba kuhusu jambo hilo. Watu walidhani wakiruhusiwa kuruka video moja kwenda nyingine wataboreka kidogo. Ikawa kinyume. Waliotazama video moja dakika kumi bila kuruka waliboreka kidogo kuliko waliokuwa wanarukaruka kwenye video saba kwa dakika hizohizo. Kule kuruka kwenyewe ndiko kunakozalisha uchoshi. Mimi nilikuwa nikitoka kwenye simu baada ya saa nzima nimechoka kama niliyebeba magogo, na bado nimeboreka.

---

Mama wa Wawili

Habari zenu wana jukwaa. Mimi nachangia kama mzazi.

Likizo ya Juni mwaka jana televisheni yetu iliharibika, na simu yangu nilikataa kuwapa. Wanangu wana miaka tisa na sita. Siku ya kwanza ilikuwa vita. "Mama nimeboreka" nilihesabu nikachoka. Nilikaribia kushindwa, nilishaishika simu mkononi nikitaka kumpa mkubwa ili nipike kwa amani. Nikasema hapana, acha nione mwisho wake.

Siku ya pili mchana nikasikia kelele uani. Walikuwa wamechukua boksi la friji la jirani, wamelikata madirisha kwa kisu changu cha jikoni (hilo tuliliongea baadaye), na mdogo amening'inia mlangoni anapiga kelele "Mbagala, Mbagala, siti zipo!" Mkubwa dereva. Watoto wa majirani abiria, nauli ni majani ya mwembe. Kufikia Ijumaa walikuwa na njia tatu, trafiki, na ugomvi mkubwa kuhusu abiria aliyeshuka bila kulipa. Waliumaliza wenyewe. Nilisimama dirishani nikalia kidogo, kwa sababu nilijiona mimi na ndugu zangu na magari yetu ya waya, kombolela jioni mpaka mama aite, rede, mdako wa mawe. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha ile michezo kama somo. Tulikuwa hatuna cha kufanya.

Dada zangu wenye watoto, ile siku ya kwanza ndiyo ngumu. Mimi nadhani wengi tunaishia pale pa siku ya kwanza, tunawapa simu, hatujui siku ya pili ina nini.

---

FundiWaKeko

Shikamoo mama. Umelisema vizuri kuliko mimi.

Teresa Belton wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, aliwahoji waandishi na wasanii kuhusu utoto wao, na mmoja wao, Meera Syal, alikulia kijiji cha wachimba makaa ambako hapakuwa na la kufanya. Alisema huko ndiko alikoanzia kuandika. Na sisi, tujiulize vitendawili vilitoka wapi. Usiku, giza, ugali umeshaliwa, hakuna taa, hakuna redio. "Kitendawili!" "Tega!" Mtu amekaa akilitazama yai mpaka likawa nyumba isiyo na mlango. Yai! Ili ulione yai namna hiyo inabidi uwe huna kingine cha kutazama.

---

Maabara

Mimi ni mtu wa afya, niongeze kidogo kuhusu kinachofanyika kichwani, kwa sababu watu wanadhani ukikaa bila kazi ubongo nao unazimika.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati unayotumia ukiwa umepumzika. Cha ajabu ni kwamba ukianza kufanya hesabu au kusoma, matumizi hayo yanapanda kidogo sana. Maana yake ukiwa umekaa tu, kazi kubwa tayari inaendelea. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliieleza hali hiyo: kuna sehemu za ubongo zinazofanya kazi kwa pamoja mtu anapoacha kushughulika na kitu cha nje, na zinatulia anapokazia macho kazi fulani. Sehemu hizo zinahusika na kukumbuka yaliyopita, kuwaza yajayo, kujiweka kwenye nafasi ya mtu mwingine. Mleta uzi alivyorudi kwa bibi yake Rufiji akiwa anapiga msasa, hiyo ndiyo kazi yake.

Tahadhari moja. Mtandao huohuo wa ubongo kwa mtu mwenye sonona unaweza kumzungusha kwenye mawazo mabaya yaleyale. Kama kila ukikaa kimya unaona giza tu, hapo usijilazimishe, tafuta mtu wa kuzungumza naye, nenda kituo cha afya.

---

Kibarazani

Wallahi mada hii imenikuta mahali pake. Mie ni mtu wa Unguja, Mji Mkongwe. Nyumba zetu zilijengwa na baraza nje kwa sababu ya hali hii mnayoizungumza. Babu alikuwa akitoka baada ya sala ya alasiri, anakaa, anapita mtu anasalimiwa, kikombe cha kahawa, kisha kimya. Kimya kirefu, watu wanne watano wamekaa pamoja na hapana anayesema. Mie mdogo nilikuwa nikiona wamechoka wazee wale. Sasa nimekuwa mtu mzima nafahamu walikuwa wakikaa na nafsi zao mbele ya wenzao, na jambo zito la familia lilikuwa likitoka baada ya kimya kile.

Baraza zipo bado. Wakaaji wapo bado. Ila kila mmoja ameinamia kiganja chake. Naumia nikipita.

---

Njia ya Nakuru

Hamjambo, mimi ni Mkenya. Kwetu neno ni kuboeka, kwa hivyo ile hoja ya "bora" haivuki Namanga, lakini hoja yenyewe inavuka.

Mwezi wa nne nilikuwa nasafiri kutoka Nairobi kwenda Kisumu, simu ikazima charji kabla hatujafika Naivasha. Sikuwa na kitabu. Kilichobaki ni dirisha. Pale juu ukiliona Bonde la Ufa limelala chini yako, nimepita hapo labda mara thelathini na nilikuwa sijaliangalia tangu nikiwa mtoto. Tulipofika Kericho kwenye majani chai nilikuwa nimeshaamua jambo ambalo lilikuwa limenishinda mwaka mzima, la kuacha biashara fulani niliyoianza na rafiki. Sikulifikiria kwa nguvu. Lilijipanga tu. Siwezi kusema zaidi kwa sababu rafiki mwenyewe yuko hapa.

---

Kidato Kimepita

Mimi ni mwanafunzi wa chuo mwaka wa pili. Nakubaliana na yote, lakini tusaidieni kivitendo. Nikiweka simu mbali, baada ya dakika tano nahisi kama kuna mtu ananiita. Naanzaje?

---

FundiWaKeko

Mdogo wangu, mimi si mtaalamu, nitakwambia nilivyofanya. Nilianza na muda ambao upo tayari. Gundi inakauka nusu saa, basi nusu saa hiyo. Kwako inaweza kuwa foleni ya kantini, au kutembea kutoka hosteli kwenda darasani. Usitenge saa nzima ya kuboreka, utaiogopa. Simu iwe mbali kiasi cha kukulazimu usimame ili uifikie. Mfukoni haifai, kugeuza kioo chini haifai. Na mikono ikiwa na kazi nyepesi ni rahisi zaidi: kufua, kuosha vyombo, kumenya viazi. Mikono ikitulia kabisa mwanzoni utateseka bure.

Kubwa kuliko yote, usiende mikono mitupu. Nenda na swali. Mimi nilikuwa na kabati kichwani wiki sita kabla ya siku ile, nisingekuwa nalo ningemkumbuka bibi tu nikaendelea na msasa. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza akaambiwa amechanganyikiwa. Swali hakulitupa. Alikwenda nalo mpaka Mkwawa, Iringa, na siku Dkt. Denis Osborne alipokuja shuleni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akamuuliza mbele ya wenzake waliomcheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Simsemi kwamba aliboreka, siku ya aiskrimu alikuwa na haraka ya kuwahi nafasi kwenye friji. Nasema alibaki na swali moja miaka yote hiyo. Najiuliza swali kama hilo leo lingekaa wapi kichwani mwa mtoto, wakati kila dakika tupu imeshajazwa.

---

Maabara

Hapo kwa Mpemba niongeze tu kwamba wanasayansi bado wanabishana kuhusu tokeo hilo, wengine wanasema halionekani kila mara. Lakini wanabishana kwa jina lake mpaka leo.

---

Mama wa Wawili

Kidato Kimepita mwanangu, na usiku usilale na simu kitandani. Ule muda kabla ya usingizi ulikuwa wetu zamani.

---

Lindo la Usiku

Nimerudi, wakuu. Zimepita wiki tatu. Swali la fundi lilinikera, nisiseme uongo. Nikaamua nijaribu ili nirudi hapa nimwambie amekosea.

Simu nimekuwa naiacha kibandani kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku. Ikiita naisikia. Usiku wa kwanza niliwaza mbu tu. Wa pili nilihesabu matofali ya ukuta wa mbele mpaka nikapoteza hesabu. Wa tatu nikapiga hesabu nyingine ambayo sikuitaka: bando la elfu moja kila lindo, malindo ishirini na sita kwa mwezi. Elfu ishirini na sita. Mshahara wangu naujua mwenyewe. Niliikataa hesabu ile nikairudia kwa vidole. Ikaja ileile.

Kukaa macho sikushindwa, hilo nililihofia zaidi. Ninazunguka ukuta kila nusu saa, zamani nilikuwa nazunguka mara mbili kwa usiku. Kuna usiku niliona mlango wa nyuma wa jirani uko wazi, nikamgongea.

Jambo la mwisho ndilo lililonirudisha hapa. Kitanda cha fundi kilinikaa kichwani, na wiki iliyopita nikamkumbuka bibi yangu mimi akisuka ukili wa mikeka. Nilikuwa nakaa pembeni namchania miyaa, nikiwa mdogo kabisa. Vidole vyangu vikaanza kwenda vyenyewe hewani, chini, juu, chini, mpaka nikatazama kama kuna mtu ananiona. Nadhani bado najua kusuka. Miaka ishirini na tano sijagusa. Bosi nimemuuliza kama naweza kusuka getini, akasema alimradi macho yako barabarani. Sasa nawauliza, hapa Dar miyaa au ukindu mzuri unapatikana wapi? Nyumbani ni mbali na sitaki kusubiri mpaka mtu asafiri.

---

FundiWaKeko

Kaka, nimesoma mara mbili. Kuna mama anauza mikeka njia ninayopita kila asubuhi, lazima anajua anakonunua mwenyewe. Kesho nampitia, kisha nakuandikia kwa faragha. Ukisuka ukili wa kutosha mkeka wa futi sita kwa nne, niambie, nina kitanda kimoja cha kamba nakitengeneza polepole kwa ajili ya nyumbani kwangu na sina cha kutandika juu yake.